Lango la Nalotuesha

Mume wangu Musila ana mdomo, na huo mdomo ndio ulitupeleka na stovu. Wiki moja kabla ya matembezi alisimama mbele ya kanisa letu pale Kitengela, kanisa la mabati nyuma ya soko, akasema mwaka huu hakuna mtu atakula chakula baridi njiani, na hakuna mama atalizwa na moshi wa kuni. Jikoni atasimamia mwenyewe. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimekaa upande wa akina mama, nikaangalia viatu vyangu. Nimeishi naye vya kutosha kujua kwamba Musila akisema "mwenyewe", kazi ni yangu.

Wacha kwanza nieleze hayo matembezi. Kila Agosti kanisa letu hutembea kwa miguu kutoka Kitengela mpaka Kajiado, tukifuata barabara ya Namanga, tukiimba na kushukuru. Tunalala njiani kwenye madarasa ya shule, na Jumapili tunaabudu na ndugu zetu wa Kajiado. Ni mwendo wa siku tatu kwa watu walio na watoto, wazee na mkokoteni. Mwaka huo, ule mwaka shule za msingi zilianza kuwa za bure, Musila alikuwa na sababu yake ya kutembea. Jumapili ile angewekewa mikono awe mzee wa kanisa.

Na hapo ndipo roho yangu ilikuwa. Musila alikuwa msimamizi kwenye kwari ya mawe, mtu wa kufokea wengine kutwa, na jioni alikuwa anazileta hizo kelele nyumbani, zinaniangukia mimi. Tangu jina lake litajwe kwa uzee, alikuwa amepoa. Alianza kuniuliza nimeshindaje. Siku moja alinishikia mtoto nikapika, jambo ambalo majirani walitoka nje kuliangalia. Kwa hivyo nilitaka awe mzee kuliko alivyotaka yeye. Nilikuwa nikipiga magoti namwambia Mungu, mpe huyu mtu kiti chake, na mimi nipate mume.

Chakula tulikipikia Kitengela. Kilikuwa muthokoi, yale mahindi yaliyotwangwa yakatoka maganda, na maharagwe ndani, masufuria mawili makubwa yaliyofungwa vizuri juu ya mkokoteni. Njiani kazi ilikuwa ni kupasha tu. Lakini hiyo "tu" msiidharau. Muthokoi lazima uuchemshe jioni na uuchemshe asubuhi. Ukiulaza usiku mmoja bila moto unachacha, na ukishachacha hata mbwa atakuangalia vibaya. Tena tulikuwa na Susu Kalunde, na sisi Wakamba nyanya tunamwita susu, mama mzee mwenye vidonda vya tumbo. Chakula baridi kikimwingia, anajikunja kama mtoto.

Kwa hayo yote Musila alibeba stovu mbili za kupampu na mtungi wa mafuta ya taa. Nilimwambia tubebe na jiko la makaa, hata dogo. Akaniambia, "Mama Kitheka, makaa ni ya watu wa zamani."

Jioni ya kwanza, siku ya Alhamisi, sina la kusema. Stovu ziliimba. Musila alijitupia taulo begani, akapampu, moto wa buluu ukatoka, muthokoi ukachemka mpaka harufu ikaita watoto kutoka uwanjani. Pasta wetu, Ouma, ni mtu wa magharibi, siku za wiki anafanya kazi ya ofisi Nairobi na Jumapili anatuhubiria. Alikula akamaliza, akasema, "Ndugu Musila, hii nayo ni huduma." Musila akaniangalia ng'ambo ya sufuria akatabasamu. Nikafurahi, kwani nifanye nini. Nilikuwa nimemngoja huyo mtu muda mrefu.

Ijumaa tukapita Isinya kabla jua halijawa kali. Pale kuna maduka na kuna pampu ya mafuta ya taa. Susu Kalunde akasimama, akaegemea fimbo yake.

"Musila, jaza hapa. Mbele ni nyasi na punda milia."

Musila akainua mtungi, akautikisa sikioni kama mtu anayesikiza nazi. "Susu, hii inafika Namanga na kurudi."

Susu hakubishana. Alisema tu kwa Kikamba kwamba sikio la kufa halisikii dawa, akaendelea na safari yake.

Kumbe ule mtungi kifuniko chake kilikuwa kimepotea zamani, na Musila alikuwa ameziba mdomo kwa karatasi ya nailoni na gunzi la mahindi. Mbele ya Isinya barabara iko na mashimo pembeni, na sisi mkokoteni tulikuwa tunauvutia pembeni kwa kuogopa malori. Gunzi likachomoka. Hatukujua mpaka tulipofika ile shule ya kulala, tukashusha mizigo, blanketi za watoto zikawa zinanuka mafuta ya taa. Mtungi ulikuwa umelala kwa ubavu. Mafuta yaliyobaki ndani hata kikombe hayakujaza.

Ndipo tukaanza kutafuta. Musila alienda kwenye duka moja lililokuwa karibu na barabara, akaambiwa mafuta ya taa huletwa siku ya soko, na soko ni Jumatano. Akasimamisha lori lililokuwa likienda mpakani, akaongea na dereva, akarudi na dizeli kwenye chupa. Susu akamwambia dizeli si ya stovu. Pasta akamwambia pia, kwa upole wake. Musila akamimina. Jamani, nimeona moshi maishani mwangu, lakini ule ulikuwa mweusi mpaka ukaacha vipande juu ya chakula. Stovu ya kwanza ikatema mara mbili ikaziba. Akaichokonoa kwa sindano, sindano ikavunjikia ndani. Akajaribu na ya pili, nayo ikafa vilevile. Watu walikuwa wamesimama duara wanaangalia, na watoto wakaanza kucheka. Nilisikia uso wangu ukichemka kuliko hiyo stovu.

Nikafunua sufuria. Juu ya muthokoi kulikuwa na vipovu vidogo vidogo. Mwanamke yeyote aliyepika anajua maana yake.

"Hii haifiki usiku," nikasema.

Susu Kalunde akaonyesha kwa fimbo. Nyuma ya shule ng'ombe walikuwa wamepita siku nyingi, na kinyesi kilikuwa kimekauka kimekuwa vigae. "Okoteni hicho. Kinawaka pole pole, na moto wake hauna mchezo."

"Chakula cha watu wa Mungu kipikwe kwa mavi?" Musila akasema.

"Basi tuombe kwa majirani," Pasta Ouma akasema. "Nimeona boma pale juu. Hawa watu hawanyimi mtu moto."

Hapo ndipo angeshukia, na hakuna ambaye angemcheka. Mficha uchi hazai. Lakini Musila alisema yeye ndiye alipewa jikoni, na kesho kutwa anawekewa mikono, hataanza uzee wake kwa kuombaomba. Akachukua kamba ya mkokoteni akapanda mlima peke yake. Nikamwangalia mpaka akapotea. Nilikuwa nahofia atarudi mikono mitupu, aaibike zaidi.

Alirudi akivuta tawi la mgunga, kubwa kama kitanda, kavu, limejaa miiba. Watu wakashangilia. Akalivunjavunja kwa mawe, kazi anayoiweza, tukapanga mafiga matatu, moto ukashika mara moja. Shina halikuvunjika. Tukaliacha hivyo hivyo, tunalisukuma ndani kadiri linavyoungua.

Mimi ndiye nilikuwa nasukuma, na mkono wangu ndio ulijua kabla yangu. Ile ncha ya shina ilikuwa laini kama mpini wa jembe la mama yangu. Mti wa porini hauwi hivyo. Ulainike vile, lazima umeshikwa na mikono ya mtu, asubuhi na jioni, miaka. Nimezaliwa nyumbani kwenye mbuzi. Najua kitu ambacho watu huvuta asubuhi na jioni, kufungulia na kuzibia zizi.

Nikamsogelea Musila pale alipokuwa anapokea sifa, nikamwambia chini chini, "Baba Kitheka, hii ni lango la boma."

"Boma limehamwa," akasema bila kunigeukia. "Hakuna mtu, hakuna mbwa. Wamasai wakihama wanaacha. Ni kuni tu."

"Uliangalia ndani? Mavi ya mbuzi yalikuwa makavu?"

Alimwita Pasta aje aonje.

Msinielewe vibaya. Kuna maboma yanayohamwa kweli, na ukikuta uzio wake unaweza kuokota, hakuna atakayekusumbua. Lakini mwaka ule nyasi zilikuwa zimeisha, na wanaume wengi walikuwa wamepeleka ng'ombe mbali, wakabaki wamama na mbuzi. Mchana hao wamama wanachunga, boma linabaki kimya. Mtu wa Kitengela anayajua hayo. Na anajua pia kwamba mwaka ule simba walikuwa wanatoka mbugani wanavuka mpaka kwa watu, na fisi ndio usiseme. Usiku boma bila lango ni sahani iliyoandaliwa.

Jua lilikuwa linashuka tulipoanza kupakua. Ndipo akapita mama mmoja na mbuzi na kondoo wake, shuka lake jekundu limefifia, binti yake anawasukuma wale wa nyuma. Akasikia tunaimba akasimama. Tukamsalimia kwa ile Kimasai yetu ya sokoni. "Takwenya, yeyo," yaani salamu, mama. Akaitika, "Iko," akacheka kwa vile tulivyoitamka. Alisema anaitwa Nalotuesha, na boma lake ni lile pale juu. Mume wake na vijana walikuwa na ng'ombe upande wa Namanga.

Nikainamia sufuria, nikakoroga muthokoi usiohitaji kukorogwa.

Pasta Ouma akasema mgeni njoo, mwenyeji apone, akacheka, akasema leo wageni ndio tunamkaribisha mwenyeji. Akaniambia nimpakulie mama. Nikampakulia. Nalotuesha alikaa kwenye nyasi akala, akampa na binti yake. Akasema mahindi yetu ni laini, na kwamba tangu asubuhi alikuwa na chai tu. Alinishukuru mimi. Aliniambia, "Ashe oleng, mama." Nikasema karibu. Jamani, nilisema karibu.

Alipomaliza akaomba kaa la moto. Alisema moto wa nyumbani umezimika, na kiberiti kimeisha, na kwa kuwa sisi tuko na moto mzuri hivi, tumpe kidogo. Musila alikuwa karibu na mafiga. Yeye mwenyewe alichukua kigae, akachota makaa, akampa kwa mikono miwili na maneno ya baraka. Nalotuesha akafunika kwa majani makavu, akaswaga mbuzi wake, akapanda nyumbani.

Nilimfuata Musila nyuma ya darasa. "Mwendee sasa hivi. Kimbia umwambie kabla hajafika."

"Nimwambie nini?"

"Ulikosea. Ulidhani wamehama. Kosa si dhambi, Baba Kitheka. Mwambie, na tumsaidie kufunga."

"Mbele ya watu wote hawa? Juzi tu wamenichagua." Macho yake yalikuwa yanacheza huku na huku. "Labda ana lango lingine."

Hakuwa na lango lingine. Hatukumaliza hata kuosha sahani, akarudi, haraka lakini bila kelele, na hakuwa na mbuzi wala binti. Alisimama mbele yetu akasema, kwa Kiswahili chake cha polepole, "Lango yangu haiko. Binti amesimama hapo na fimbo, anazuia mbuzi. Nyinyi mlikuwa hapa mchana. Mliona mtu anavuta?"

Hakuna aliyejua ila sisi wawili. Pasta akageuka akatuangalia mmoja mmoja. "Ndugu zangu, kuna mtu anajua?"

Ndipo Nalotuesha akaangalia motoni. Ile ncha laini ya shina ilikuwa bado inatokeza kati ya mafiga, haijaungua. Akainama, akaigusa kwa vidole viwili. Watu wakaona alichokiona.

Nikamwangalia Musila. Nilimwangalia vile mtu anavyomsukuma mwenzake kwa macho. Sema. Alikuwa ameshika taulo lake kwa mikono yote, uso umekauka, na nikaona kile kiti chake kinaondoka, na yule mtu aliyenishikia mtoto anaondoka nacho, na zile kelele za kwari zinarudi nyumbani kwangu kukaa. Mdomo wangu ukafunguka.

"Ni mimi," nikasema. "Mimi ndiye nilileta. Nilidhani boma limehamwa. Nisamehe, yeyo."

Naapa nilidhani atanikatiza. Hata nilipokuwa bado nasema nilikuwa namngoja. Nilidhani akisikia mke wake anavua nguo mbele ya watu kwa ajili yake, atakuja kunifunika. Ndivyo nilivyodhani, na sasa nikikumbuka nasikia haya hata nikiwa peke yangu.

Musila akavuta pumzi. Akapiga hatua mbele akanielekezea kidole. "Wayua, nani alikuambia uchukue kitu cha mtu? Kwani kwetu ulifundishwa hivyo? Unaniaibisha mbele ya Pasta na mbele ya huyu mama?" Sauti ilikuwa ile ile ya kwari. Kisha akamgeukia Nalotuesha akainama. "Mama, kwa niaba ya nyumba yangu naomba msamaha."

Susu Kalunde, ambaye alimwona kwa macho yake akipanda mlima na kamba na akirudi akivuta, aliniangalia mimi, si yeye. Wengi wao walimwona. Walikuwa wamelishangilia lile tawi. Lakini mke amesema ni yeye ndiye aliyelileta, na mume amekubali, na mambo ya nyumba ya watu wawili, nani ataingiza mkono? Labda niliyakata matawi, Musila akavuta tu. Nikaona wanavyojitengenezea hadithi ili wasione aibu.

Nalotuesha ndiye alisema la mwisho pale. "Ungeuliza, ningekupa kuni," akaniambia. "Niko na kuni mingi nyuma ya nyumba." Hakusema kwa ukali. Angenipiga kofi ningeshukuru.

Tukapanda naye. Hakukuwa na mti wa kukata karibu, na giza lilikuwa linaingia, kwa hivyo vijana wakausukuma mkokoteni wetu mpaka bomani wakauziba nao ule mwanya, na juu yake wakapanga madawati ya shule, na juu ya madawati zile stovu mbili na mtungi mtupu. Bado pembeni kulibaki nafasi ya fisi kupita. Wanaume wakagawana zamu ya kukaa pale na tochi. Musila alisema yeye atabaki shuleni kuongoza maombi, watu wasiingiwe na hofu.

Mimi sikushuka. Nilikaa kwenye ile nafasi pamoja na Nalotuesha, tumejifunika blanketi moja iliyonuka mafuta ya taa, mbuzi wanapumua nyuma yetu. Alihesabu mbuzi wake gizani. Kisha akaniuliza, "Mama, hii lango mimi na binti yangu tunavuta wawili. Wewe ulivuta peke yako?"

"Niko na nguvu," nikasema.

"Sawa," akasema. Akanivutia blanketi upande wangu.

Kulikucha na mbuzi wote wazima, namshukuru Mungu kwa hilo, kwa sababu angekosa hata mmoja sijui ningetembeaje. Nalotuesha alitupikia chai ya maziwa kwa zile kuni zake za nyuma ya nyumba, zilizopangwa vizuri, nyingi, kama alivyosema. Vijana wakaenda mbali na panga lake wakarudi na tawi bichi. Akalijaribu, akalivuta, akasema litakauka. Tukaondoka tumechelewa. Barabara yote mpaka Kajiado akina mama walitembea mbele yangu au nyuma yangu. Jentrix, mke wa pasta, ambaye siku zote hushika mkono wangu tukiimba, alikuwa amempa mtu mwingine huo mkono. Nilisikia nyuma yangu mmoja akimwambia mwenzake achunge kiondo chake, na wakacheka kidogo wakanyamaza.

Nilivumilia. Nilijiambia, Wayua, umenunua kitu, na hii ndiyo bei yake. Jumapili atasimama mbele, watamwekea mikono, na atajua ni nani aliyemsimamisha. Usiku atanishika mkono aseme, mke wangu, nakujua. Hilo tu lilinitosha. Kwa hilo ningetembea mpaka Namanga.

Tulifika Kajiado Jumamosi jioni, jua likiwa bado juu ya mabati. Watu wakakaa kwenye uwanja wa kanisa wakiosha miguu. Pasta Ouma akamwita Musila waongee na wazee wa pale ndani. Nikakaa kwenye ngazi namngoja. Walikaa kidogo tu. Alipotoka alikuja akakaa kando yangu, ngazi ya juu.

"Wamesema ningoje," akasema.

"Ungoje nini?"

"Ningoje mwaka mwingine. Kanuni inasema mke wa mzee wa kanisa awe mwaminifu kwa kila jambo. Pasta ameuliza, kesho wakimsimamisha mbele ya washirika mama aliyechoma lango la mtu, watasema nini."

Nilitaka kucheka, nilitaka kulia. Nilikuwa nimetoa jina langu ili kulinda lake, na kumbe ni jina moja. Hata mimi sikuifikiria hiyo kanuni, na nimeisikia ikisomwa mara nyingi kuliko nilivyopika ugali. Nikamwambia polepole, kwa sababu watu walikuwa karibu, "Baba Kitheka, rudi ndani umwambie Pasta ukweli. Kiti kimeshaenda. Angalau turudi nyumbani na ukweli."

"Ukweli gani?"

Nikainua macho. Nilitafuta kwenye uso wake mahali ambapo amejificha, maana namjua akidanganya, shavu la kushoto humruka. Shavu lilikuwa limetulia. Alikuwa ananiangalia kwa huruma.

"Mama Kitheka, mimi nimekusamehe," akasema. "Lakini usianze sasa kunitupia mimi makosa yako. Utakuwa unaongeza dhambi juu ya dhambi." Kisha akaninyooshea mkono wa kuume, kiganja juu. "Uko na pini? Kuna mwiba umeingia hapa, unaniuma tangu jana."

Nilikuwa na pini kwenye leso. Nikaufungua ule mkono nikauweka mapajani. Ulikuwa umejaa mikwaruzo kutoka kidole mpaka kifundo, na katikati ya kiganja mwiba wa mgunga ulikuwa umezama mzima, mweusi, nyama imevimba kuuzunguka. Nikaanza kuchokoa. Akauma meno. Na ili asisikie uchungu, au kwa sababu watu walikuwa wameanza kutuangalia, akafunga macho akaanza kuomba kwa sauti, ile sauti nzuri aliyokuwa akiifanyia mazoezi tangu jina lake litajwe. Akamwomba Mungu amhurumie mke wake. Akamwomba ausafishe mkono wa mke wake, usinyooke tena kwenye kitu cha mtu. Akina mama wakaacha kuosha miguu, wakainamisha vichwa. Jentrix akaja akaniwekea mkono begani, wa kwanza tangu bomani.

Mwiba ukatoka na usaha kidogo. Nikaushika kwa vidole viwili, mrefu, na sikujua niuweke wapi. Musila akamaliza. Watu wote pale uwanjani wakaitika Amina, na mimi, mkono wake ukiwa bado mapajani mwangu, nikaitika pamoja nao.